Mama Subiri, Mwenye Boti ya Kuvusha Watu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi abiria mliofika hapa hata kabla ya baadhi ya wanafamilia, tunawaomba walio juani wasogee kivulini, tuwasomee safari ya mama yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake la cheti kwa sababu mlimwita Mama Subiri, naye akaitika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya gatini, akiwa mtoto wa tatu wa mbeba mizigo na mshona magunia, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizoea mlio wa injini kuliko kuimbiwa, maana boti ikizimwa tu yeye anaamka.

Alisoma shule ya msingi iliyo juu ya gati kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akafaulu vizuri, lakini mwaka huo huo baba yake aliangukiwa na mzigo akaumia mgongo, kwa hiyo sekondari hakwenda, jambo ambalo hatukuwahi kumsikia akililalamikia, ila kila alipoona sare ya sekondari kwenye foleni aliiita mbele ipande kwanza, na mwenye kununa alinuna.

Mwaka 1981 aliajiriwa kwenye boti ya watu, kazi yake ikiwa kuchota maji yanayoingia botini na kuyamwaga nje, kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka siku isipofanyika. Mwenye boti wa wakati ule alikuwa bwana mmoja aliyekuja jioni kuchukua mapato yake na kuondoka, hajui hata boti yake inavuja upande gani. Baada ya maji alipewa kamba, baada ya kamba tiketi, na baada ya tiketi akaingia kwenye injini, kwa bahati tu, kwa sababu fundi wa injini alikuwa mzee asiyeweza kuinama, akawa anakaa juu ya ndoo na kuelekeza, "Fungua hiyo, siyo hiyo, hiyo nyingine, binti, umelala?" naye mama akawa mikono ya yule mzee mpaka mikono ikajifunza yenyewe. Usukani alianza kuushika mwaka 1990, na mwaka 1992 akaenda kufanya mtihani wa unahodha, ambako mtahini alimtazama juu mpaka chini akamuuliza mumewe anasemaje kuhusu mambo hayo, mama akamjibu, "Mume sina, usukani ninao, niulize ya usukani." Alifaulu.

Mume alimpata mwaka 1994, naye ni baba yetu, fundi wa mbao za boti, ambaye siku moja alikuwa ameinama akiziba nyufa, mama akasimama nyuma yake akimwonyesha kwa kidole alikoruka, baba akachoka akamuuliza, "Dada, wewe ni abiria au mkaguzi?" akajibiwa kwamba abiria ndiye mkaguzi, maana yeye ndiye atakayezama. Walifunga ndoa mwezi Novemba mwaka huo, wakajaliwa watoto wawili, kaka yetu mkubwa mwaka 1996, ambaye ni dereva wa malori ya mbali, na binti yao mwaka 1999, ambaye ndiye aliyeyaandika haya.

Mwaka 2001 walinunua boti yao, mbao kuukuu ambazo wenyewe wa awali walishazikatia tamaa, baba akabadilisha karibu nusu yake. Siku ya kuishusha majini watu walialikwa, wakavaa vizuri, hotuba zikaanza, na katikati ya hotuba ya mjomba wageni waliokuwa ndani wakaanza kunyanyua viatu, kwa sababu boti ikiwa nchi kavu hutolewa kizibo cha chini ili maji yatoke, na mwenye boti, yaani mama, kwa furaha, alikuwa amekisahau kizibo mfukoni mwake. Wenzake hawakumwacha, walisema ameamua kuizamisha mwenyewe kabla wezi hawajaiona, naye alicheka kuliko wote huku amelowa mpaka kiunoni. Tangu siku hiyo boti yoyote ikishushwa pale gatini watu wote hupaza sauti, "Kizibo?" na haisogei mpaka mwenyewe ajibu kipo.

Wapo waliodhani mwenye boti ni mtu wa kukaa nyumbani akihesabu safari za wenzake, sasa leo wajue, mama aliamka kabla ya jogoo kwenda kupapasa boti kwa kiganja kutafuta unyevu, alinunua mafuta na kuyanusa, alikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya leseni mpaka karani akamwonea haya, na siku za upepo mbaya, boti imefungwa na hakuna kinachoingia, wafanyakazi wake watatu walikula kwake, nasi watoto tulijifunza kusogea. Jina la Mama Subiri alilipata kwa sababu boti haikuondoka mpaka kila mtu afunge jaketi la kuokolea, na bwana mmoja mwenye tai alipomuuliza kama anamjua yeye ni nani, mama alisema, "Subiri kwanza, baba, ukishafunga hizo kamba tutajuana vizuri." Kwa miaka yote hiyo boti yake haikupoteza mtu hata mmoja.

Baba alifariki mwaka 2016. Mama alianza kuvimba miguu mwaka 2022, madaktari wakasema moyo umepanuka, akakatazwa ngazi za gati, akawa anatawala kwa simu, na binti yake akawa miguu yake, akanunua mafuta, akagombana na wauza vipuri, akaenda ofisi ya leseni mtoto mchanga mgongoni, yote hayo akiyafanya nchi kavu, kwa sababu tangu alipoteleza akiwa na miaka sita akaingia kati ya boti na gati, na mama akajitupa na nguo zake kumtoa, binti huyu botini hapandi.

Mwezi uliopita mama alilazwa. Hapo ndipo baba mdogo, kwa nia njema kabisa, akimwona msichana mwenye mtoto wa miezi minne, alipotafuta mnunuzi wa boti, na mnunuzi huyo anataka injini tu, mbao zikatwe kuni. Nahodha aliyeshika usukani tangu mama augue, pamoja na wenzake, walisikia, na kila walipokuja wodini walikuwa wakitazama chini. Jumatatu jioni mama alimshika binti yake mkono akamuuliza, "Mwanangu, niambie kweli, unaogopa maji au unaogopa kazi?" Mtoto alikuwa analia, muuguzi anasema muda umekwisha, jamani tokeni, na binti akasema, mama nitakujibu kesho. Jumanne tarehe 14 Mei 2024, alfajiri, mama akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kwa upole, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, wenye boti wote mliofunga injini zenu leo, na abiria mliozunguka njia ndefu ya barabarani ili mfike.

Na wewe, mama, ulilala bila kujibiwa, basi jibu ni hili, linasemwa mbele ya watu wote hawa ili mwenye kulisema asipate pa kurudia nyuma. Binti yako anaogopa maji, anayaogopa sana, lakini kazi haiogopi. Boti haiuzwi. Baba mdogo, utusamehe, mpigie yule bwana umwambie asihangaike kuja. Nahodha, kesho saa kumi na mbili asubuhi boti iondoke kama kawaida, na mwenye boti atakuwemo ndani, pengine amefumba macho, pengine atatapika, lakini atakuwemo.

Pumzika sasa, mama, kwa amani yote, watu wako watavuka.